Mamba Mwenye Mabawa

Mtu anayeshuka kutoka Butembo kwenda ziwani kwa njia ya Kyondo huondoka amevaa koti, na hufika amelibeba mkononi. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700. Ziwa Edward liko kwenye mita 912 tu. Joto hukupokea kabla ya watu. Kisha huja harufu ya samaki, halafu Kyavinyonge yenyewe: mitumbwi iliyovutwa mchangani, nyavu zilizoanikwa, akina mama wenye mabeseni wakibishana bei na wavuvi, na korongo wenye vipara wamesimama kando kama mahakimu, wakingoja matumbo ya samaki.

Mgeni huwatazama hao korongo. Huwatazama na mwari wenye mfuko mdomoni, na kiboko anayeinua masikio majini. Hao ni wakubwa, hawahitaji kutafutwa. Lakini ukingoni kabisa, pale maji yanapolamba mchanga, kuna vindege vya rangi ya mchanga, vidogo kama ngumi ya mtoto. Watu wa pwani ya bahari huviita vitwitwi. Mimi niliviita vyote kwa jina moja kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, na kosa hilo alilipa mtu mwingine, si mimi. Habari hiyo ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Mwaka 1987, nchi yetu ikiitwa bado Zaire, nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la sita mjini Butembo. Mwezi wa Februari tulipata lori lililokuwa likishuka tupu kuchukua samaki, na mwenyewe akakubali kutubeba. Watoto walikuwa thelathini na wanne. Wengi hawakuwa wamepata kuliona ziwa, ingawa samaki wake walikuwa wakiwala tangu kuzaliwa. Mimi nilibeba kitabu. Padri mmoja mzee, aliporudi kwao, alikuwa ameniachia kitabu cha ndege chenye picha za rangi, nami nilikiheshimu mno. Nilikuwa nimekisoma usiku kwa taa ya mafuta hata nikajua majina ya Kilatini kwa moyo, kama mtoto anayetumikia Misa.

Kati ya watoto hao alikuwamo mmoja ambaye kwao ni Kyavinyonge penyewe. Alikuwa akikaa kwa mjomba wake mjini apate kusoma. Jina lake silitaji. Siku ile alikuwa amefua shati lake tangu jana yake, kwa maana alikuwa akirudi nyumbani pamoja na shule nzima, na wadogo zake walikuwa wakimngoja mchangani.

Nikawapanga watoto mstari mmoja, nikawaonyesha vile vindege. Vilikuwa kama sitini, vimetawanyika ukingoni. Nikasema, "Hawa wote ni aina moja. Kwa Kilatini huitwa Calidris minuta. Minuta maana yake mdogo. Hutoka kaskazini kabisa mwa dunia. Mayai hutaga huko, na huku huja kukimbia baridi." Nikafunga kitabu.

Yule mtoto akainua mkono. "Samahani, mwalimu. Hawa ni wa namna mbili."

"Namna mbili gani?"

"Wako wanaokimbia halafu wanasimama. Na wako wasiosimama."

Nikatazama. Wote walikuwa wa kahawia mgongoni, weupe tumboni, mdomo mweusi, na urefu wao ni ule ule. Nikamfungulia kitabu, nikamwonyesha picha. Akaitazama kwa adabu, kisha akasema, "Ndiyo, mwalimu. Lakini wale wanaosimama hawaendi popote. Wanakaa hapa mwaka mzima. Mayai wanataga hapa hapa, na wanayazika mchangani."

Wenzake wakaguna. Hapo ningaliweza kusema, "Haya, twende ukatuonyeshe." Ningalikuwa sikupoteza kitu. Lakini nilikuwa nimepingwa mbele ya watoto thelathini na wanne, na wavuvi kadha wa kadha walikuwa wamesogea kusikiliza masomo ya mjini. Nikasema, "Anayezika mayai mchangani ni mamba. Labda wewe umemwona mamba mwenye mabawa."

Wakacheka sana. Wavuvi wakacheka. Wadogo zake wakacheka, maana waliona watu wazima wanacheka. Njiani, katika lori, nilisikia wakimwita Mamba, na tulipofika Butembo jina lilikuwa limekwisha kukaa. Mwaka wa masomo uliofuata hakurudi. Niliambiwa kwamba karo ilipungua, na kwamba baba yake alihitaji mikono mtumbwini. Yawezekana ilikuwa hivyo tu. Sikuuliza zaidi.

Miaka ikapita, na vita vikapita, na mengine mnayoyajua. Mwaka 2008 nilivuka mpaka pale Kasindi kwenda Kasese, katika Uganda, kwa arusi ya jamaa yetu. Baada ya arusi wenyeji wakatuchukua kwenda Katwe kuona chumvi inavyochimbwa. Ziwa lile la Katwe ni dogo, lakini karibu yake liko Ziwa Edward, lile lile letu, ila unalitazama kwa upande wa pili. Ukingoni palikuwa na askari mmoja wa hifadhi ya wanyama, ana darubini shingoni. Nikamsalimu. Mbele yetu vindege vilikuwa vikikimbia, na kwa kiburi cha mwalimu nikasema, "Calidris minuta."

Akajibu kwa upole, "Baadhi yao, mzee."

Akanipa darubini. Akaniambia nichague ndege mmoja, nisitazame rangi yake hata kidogo, nitazame miguu tu mpaka nihesabu ishirini. Nikafanya. Ndege wangu akakimbia hatua tano au sita, akasimama tuli, kama mtu aliyesikia ameitwa. Akainama mara moja, akadona. Akakimbia tena, akasimama. Askari akaniambia nichague mwingine, yule aliye karibu na maji. Huyo hakusimama kabisa. Alikwenda ameinamisha kichwa, akidona, akidona, akidona, kama mama anayechambua maharagi kwa haraka wageni wakiwa mlangoni.

Nikasikia sauti ya mtoto, ya miaka ishirini na moja iliyopita, ikisema maneno yale yale.

Askari akanieleza sababu. Anayesimama ana jicho kubwa na mdomo mfupi. Huwinda kwa macho. Husimama apate kuona mdudu akitikisika, kwa kuwa mwenye kukimbia haoni vizuri kitu kinachosogea. Asiyesimama hutafuta chakula karibu na miguu yake mwenyewe, na ncha ya mdomo wake huhisi vilivyomo matopeni, kama vidole vyetu vinavyotafuta sarafu mfukoni. Kwa hiyo mwendo si tabia ya siku moja. Mwendo umefungwa na jicho na mdomo, na ndege hawezi kuubadili kama anavyobadili manyoya.

Kisha tukasogea kidogo. Mmoja wa wale wanaosimama aliinuka kutoka chini, akazunguka pale pale akipiga mchanga kwa miguu, huku na huku, kwa muda mfupi sana, halafu akaenda zake kana kwamba hana shughuli. Tulipofika hapakuwa na kitu. Askari akachuchumaa, akapangusa mchanga kwa unyasi, na ubavu wa yai ukaonekana, wenye madoadoa. Akaufunika tena mara. "Mayai mawili," akasema. "Huyu ni mwenyeji. Ulaya haijui."

Usoni nilipata joto ambalo halikuwa la jua.

Niliporudi nyumbani nilikitafuta kile kitabu cha padri. Jalada lilikuwa limetoka, lakini ukurasa wa kwanza ulikuwapo, na juu yake yaliandikwa yale niliyoyasoma mara mia bila kuyafikiri: ndege wa Ulaya. Kitabu hakikusema uongo. Ndege asiyekanyaga Ulaya hakuwa na picha humo, basi mimi nilimsukuma katika picha ya jirani yake.

Tangu hapo nimejifunza upya, polepole. Nitawaeleza machache, maana huenda mmoja wenu anakaa karibu na ziwa au mto.

Yule asiyesimama, minuta, huyo kweli ni msafiri. Ana uzito wa gramu 20 au 30 tu, na hutaga kaskazini mwa Norwei na Siberia, katika nchi ambayo wakati wa kiangazi jua halitui. Miguu yake ni myeusi. Aliye mchanga wa mwaka ana mistari miwili myeupe mgongoni, iliyokutana kama herufi V. Hutufikia kuanzia mwezi wa Agosti, na mwezi wa Mei karibu wote wamekwisha kuondoka.

Mwenyeji huitwa pecuarius, yaani wa mifugo, kwa sababu hupenda mahali penye nyasi fupi zilizoliwa. Akiwa mzima na amevaa nguo zake za uzazi hakuna shida: mstari mweusi hutoka mdomoni, hupita jichoni, hushuka mpaka shingoni, na kifua kina rangi ya hudhurungi nyepesi. Shida ni watoto wake. Hao hawana mstari huo mweusi. Wamepauka, na wakichanganyika na minuta humdanganya mtu kama nilivyodanganyika mimi. Tazama kichwa cha duara na jicho kubwa. Tena tazama miguu inafanya nini. Kuhusu nyasi fupi, nataka kuongeza neno. Huku kwetu mkata nyasi wa ukingoni alikuwa kiboko. Katika miaka ya 1970 Hifadhi ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000. Hesabu ya mwaka 2005 ilikuta pungufu ya 900. Mwenye akili ataona kwamba habari ya mnyama mkubwa namna hii haiwezi kumpita ndege mdogo.

Rangi ya miguu ni mtego. Yuko ndugu yake minuta, adimu zaidi, mwenye miguu ya kimanjano na manyoya meupe pembeni mwa mkia. Vitabu husema tazama miguu. Sawa, lakini ndege wa matope ana matope miguuni! Mara mbili nimeandika jina lisilo lake kwa sababu ya matope. Ngoja aingie majini, aoge, ndipo uandike.

Yuko pia yule mwenye ukanda mweusi kifuani na miguu ya rangi ya chungwa. Huyo hata mtoto humjua. Wasomaji wetu wa Mombasa na Dar es Salaam wana wa kwao anayekimbiza mawimbi na kukimbizwa nayo, asiye na kidole cha nyuma. Nawaachia wao wamweleze.

Mmoja nampenda kuliko wote, kwa kuwa hunijia mwenyewe. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika sehemu za Beni yamewafunga wengi majumbani, na baada ya hayo ikaja Ebola, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020. Nimeshuka ziwani mara chache kuliko nilivyotaka. Lakini mto Kimemi unapita hapa hapa Butembo, na kando yake, kati ya mawe na takataka zetu, yuko kitwitwi anayetikisa sehemu ya nyuma ya mwili bila kupumzika, juu na chini, juu na chini. Kwa Kilatini ni hypoleucos, mweupe chini. Weupe wa tumbo lake hupanda mbele ya bawa, kama fulana inavyopanda begani. Akiruka huenda chini chini juu ya maji, mabawa yamekakamaa yakitetemeka, na hulia kwa sauti nyembamba. Usimchanganye na yule wa madoa meusi na meupe mwenye mkia mrefu, anayetembea hata uani kwa watu. Huyo naye hutikisa mkia, lakini si wa ukoo huu.

Na katika mitaro na vidimbwi wako wawili wanaofanana sana, mmoja mweusi-mweusi, mwingine wa madoadoa mgongoni mwenye nyusi nyeupe ndefu. Hao usijisumbue nao wakiwa chini. Waache waruke. Chini ya bawa la mmoja ni kweusi, chini ya bawa la mwingine ni kweupe-kweupe. Basi.

Sasa narudi Kyavinyonge, maana nimekawia, kama nilivyokawia wakati ule. Nilikwisha kujua kosa langu mwaka 2008, na sikushuka kumwona yule mtoto mpaka Februari 2011. Kila mara nilikuwa na sababu: mvua, mitihani, pikipiki ya kukodi ni ghali. Sababu ya kweli mnaijua.

Nilipofika niliuliza kwa jina lake. Mvuvi wa kwanza hakumjua. Wa pili hakumjua. Nikadhani amekufa au amehama. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipanga samaki wa chumvi akaniuliza jina la baba yake, nikamtajia. Akapiga makofi. "Ah! Wamtafuta Mamba!"

Bandari nzima ilimjua Mamba. Mtumbwi wake ulikuwa na jina hilo ubavuni kwa herufi kubwa nyeupe. Nikauliza kijana mmoja kwa nini anaitwa hivyo, akaniambia ni kwa sababu anaogelea sana.

Alinitambua mara moja. "Mwalimu," akasema, akaagiza kiti kiletwe, na chai, kisha samaki na ugali. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita, mwenye mabega ya kazi. Tukaongea habari za Butembo, bei ya nyavu, mjomba wake aliyefariki. Mimi nilikuwa nikila bila kusikia ladha. Mwisho nikasema, "Mwanangu, mwaka ule, juu ya vile vindege. Wewe ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekosa, na nilikuchekesha mbele ya watu wa kwenu."

Alikuwa akishona wavu. Hakuacha kushona. "Nilijua, mwalimu," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua siku ile ile kwamba umekosa. Mayai yalikuwa nyuma ya mtumbwi wa baba. Ungaligeuka, ungaliyaona."

"Kwa nini basi hukusema?"

Akaniinulia macho. "Nilisema."

Sikuwa na jibu, wala yeye hakulidai. Akakata uzi kwa meno, akaweka wavu chini, akasema, "Twende."

Tukapita mwisho wa mitumbwi, mpaka pale ambapo mchanga unakutana na nyasi fupi. Binti yake, wa miaka kama tisa, alitufuata. Mimi, ili nipate la kusema, nikaanza kuwataja ndege kwa majina. Yule mwenye kutikisa mkia, nikapata. Yule asiyesimama, nikapata. Wa tatu alikuwa ameganda tuli, nikasema ni mwenyeji. Binti akacheka mkono ukiwa mdomoni, na mara yule ndege akaamka, akaanza kudona bila kupumzika. Alikuwa amelala tu.

"Huyo ni mgeni," baba akasema. "Amechoka."

Nikacheka nami, nikapiga hatua mbele nimwone vizuri.

"Babu, mguu!" binti akalia.

Nikasimama, mguu mmoja hewani. Nikatazama chini. Mchanga mtupu, kama mchanga wote. Nikauliza ni wapi. Akaja akachuchumaa, akaonyesha kwa kidole bila kugusa, shubiri moja tu kutoka kiatu changu.

"Hapo. Ni mawili."

Mwenye mayai alikuwa mbele yetu, anakimbia hatua tano, anasimama, anatutazama. Nikavua viatu, nikarudi nyuma nikikanyaga nyayo zangu zile zile.